Njia ya Kwenda Mathari na Njia ya Kurudi

Msomaji kijana, maradhi ya mwili tumezoea kuyataja bila haya. Mtu akishikwa na malaria husema wazi kwamba anaumwa, na jirani humletea uji. Lakini maradhi ya akili tangu zamani hutajwa kwa kunong'ona, na mahali pengi hayatajwi kabisa. Kwa sababu hiyo historia ya nyumba walimotibiwa wagonjwa wa akili katika nchi yetu haisimuliwi sana shuleni, ingawa ni historia inayowahusu vijana kuliko watu wengi wengine. Mwaka wa 2024 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF yalieleza kwamba theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na nusu yake kabla ya miaka 18. Tena Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema kwamba, ulimwenguni kote, kijana mmoja katika kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana maradhi ya namna hiyo. Ukipiga hesabu hiyo kwa darasa la wanafunzi 42, utapata sita.

Wengi wa vijana hao maradhi yao si mazito, nao huweza kutibiwa wakikaa kwao na kuendelea na masomo. Lakini wachache huugua sana. Kuna asiyelala usiku mwingi mfululizo, kuna asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, kuna akataaye chakula, na kuna atakaye kujitoa uhai. Mgonjwa wa namna hiyo huenda akahitaji kulazwa kwa muda mahali penye wauguzi wa kumwangalia usiku na mchana. Hapo ndipo swali linapozuka: alazwe wapi, kwa muda gani, na atarudi nyumbani kwa njia gani?

Itazame ramani ya Kenya, utafute mji wa Mwingi. Utauona kwenye barabara itokayo Thika kwenda Garissa, zaidi ya kilomita 150 mashariki ya Nairobi, katika nchi kavu ya Ukambani inayojulikana kwa asali yake. Mwaka wa 1993 Mwingi ilitengwa na Kitui ikawa wilaya, na mwaka wa 2013, kaunti zilipoanza kazi, ikawa tena sehemu ya Kitui. Kwa miaka mingi mzazi wa huko, mtoto wake alipoharibikiwa na akili hata akawashinda watu wa nyumbani, alisikia jina moja tu la mahali pa kumpeleka, nalo ni Mathari, huko Nairobi. Kufika Mathari kulikuwa kugumu, na kurudi kulikuwa kugumu zaidi. Katika insha hii nataka uone jinsi ilivyotokea kwamba njia ya kwenda ilifunguliwa mapema, na njia ya kurudi ikacheleweshwa kwa zaidi ya miaka mia.

Kabla ya hospitali, Wakamba hawakuwa watu wasio na tiba. Mtu alipobadilika tabia, jamaa zake walikwenda kwa mundu mue, yaani mganga na mpiga ramli, ili ajue chanzo cha taabu. Ikisemwa kwamba ni pepo, mara nyingi ilichezwa ngoma ya kilumi. Wanawake wazee ndio waliokuwa mabingwa wake. Ngoma zilirindima kwa muda mrefu, na pepo akaulizwa anataka nini. Huenda wewe wa leo usikubali maelezo hayo ya chanzo cha maradhi. Hata hivyo angalia jambo moja: mgonjwa alitibiwa mbele ya watu wake. Wale waliocheza kwa ajili yake leo ndio waliokula naye kesho, na siku alipopata nafuu hakuwa na safari ya kurudi, kwa kuwa hakuondolewa.

Lakini tusiisifu zamani kupita kiasi. Mgonjwa mkali aliweza kufungwa kamba au kufungiwa kibandani, na mzee au mwanamke asiye na hatia aliweza kushutumiwa kuwa ndiye aliyemroga. Si Afrika peke yake iliyokuwa hivyo. Ulaya nayo iliwafunga wagonjwa wa akili kwa minyororo, mpaka karibu na mwisho wa karne ya 18 Wafaransa walipoanza kuifungua katika hospitali za Paris. Wala huruma haikuanza huko, kwani katika mji wa Cairo hospitali kubwa ya Sultani Qalawun, iliyokamilika mwaka wa 1284, ilikuwa na sehemu yake ya wagonjwa wa akili. Na katika mji wa Geel, nchi ya Ubelgiji, tangu zama za kati wenyeji wamekuwa wakiwapokea wagonjwa hao nyumbani mwao, wakakaa nao kama jamaa.

Basi serikali ya Kiingereza ilipotawala Kenya, ilichagua njia gani? Mwanzoni waliohesabiwa kuwa wendawazimu waliwekwa gerezani. Halafu, mwaka wa 1910, nyumba za Nairobi zilizokuwa zimejengwa ili kuwatenga wagonjwa wa ndui ziligeuzwa kuwa makao ya wendawazimu. Lifikiri jambo hilo vizuri. Wagonjwa wa ndui walitengwa ili wasiwaambukize wengine. Maradhi ya akili hayaambukizi, lakini nyumba ni zile zile, na nia ni ile ile: kuwaondoa watu fulani machoni pa mji. Mwaka wa 1924 makao hayo yakapewa jina la Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Mathari. Ndani yake watu waligawanywa kwa rangi: Wazungu mahali pao, Wahindi pao, na Waafrika pao, ambako msongamano ulikuwa mkubwa na vifaa vichache.

Tena neno wazimu katika siku hizo lilikuwa na matumizi mengine. Mwaka wa 1911, huko Machakos, watu wengi walishikwa na ngoma na pepo, wakaacha kutii amri za serikali. Mwanamke aliyeitwa Siotune wa Kathuke alikuwa mmoja wa viongozi wao. Maofisa hawakuuliza sana juu ya kodi na kazi za kulazimishwa zilizowachosha watu. Waliliita jambo lote kichaa, na viongozi wakahamishwa. Baadaye, mwaka wa 1945, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyewapinga Waingereza huko magharibi ya Kenya, alipelekwa Mathari, akakaa humo mpaka mwaka wa 1947. Ukiona serikali yaweza kumweka mpinzani wake katika hospitali ya wagonjwa wa akili, utaelewa kwa nini watu wa vijijini waliiogopa nyumba hiyo. Kwao haikuwa mahali pa kuponea, bali mahali pa kupotelea. Jina la Mathari likageuka tusi, na tusi hilo bado husikika katika viwanja vya shule.

Elimu ya siku hizo nayo ilisaidia kuifunga njia ya kurudi. Kuanzia mwaka wa 1938 hadi 1950 Mathari ilisimamiwa na daktari aitwaye J. C. Carothers, aliyekabidhiwa kazi hiyo kabla hajasomea magonjwa ya akili kwa ukamilifu. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo aliilinganisha na akili ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Leo wataalamu wameyakataa maneno hayo, kwa kuwa aliwapima watu wote kwa wale wachache aliowaona wakiwa wagonjwa na wafungwa. Lakini fikiri: daktari akiamini kwamba akili ya mgonjwa wake ina upungufu tangu kuzaliwa, atajitaabisha kwa kiasi gani kumtayarisha arudi shuleni au shambani?

Hata hivyo katika miaka hiyo hiyo mambo mawili yalitokea mbali na Nairobi, nayo yalibadili tiba. La kwanza ni dawa. Mwaka wa 1952 madaktari wa Paris waliwapa wagonjwa dawa iitwayo klopromazini, na wengi waliokuwa wakipiga kelele na kupigana wakatulia, wakaweza kuzungumza. Kabla ya hapo mgonjwa mkali aliweza kukaa hospitalini miaka na miaka; sasa iliwezekana kwa wengi kukaa majuma kadhaa, kisha kurudi kwao na kuendelea kumeza dawa.

Jambo la pili lilitoka katika Afrika yenyewe. Mwaka wa 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo, Mnaijeria aliyesomea Uingereza, alirudi kwao Abeokuta kusimamia hospitali mpya ya Aro. Majengo yalikuwa bado hayajawa tayari. Badala ya kungoja, Lambo alikwenda kwa wazee wa vijiji vya jirani, akawaomba wawapangishe wagonjwa wake vyumba. Sharti lilikuwa kwamba kila mgonjwa aje na ndugu mmoja, mama au kaka au shangazi, wa kumpikia na kumwongoza. Asubuhi mgonjwa alikwenda hospitalini kutibiwa. Jioni alirudi kijijini akakaa na watu. Lambo hakuona haya kushauriana na waganga wa kienyeji, kwa kuwa wao waliyajua maisha ya wagonjwa vizuri. Mwaka wa 1961 madaktari wa akili wa Afrika nzima walikutana Abeokuta, na baadaye Lambo alipanda mpaka akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Aliyoyaonyesha ni haya: kumtibu mtu kwa elimu ya kisasa hakulazimu kumng'oa kwa jamaa zake.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana mfano wao. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walijenga makao mwaka wa 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo ya watoto yakawa makao ya wagonjwa wa akili, ambako kazi za shamba na za mikono zilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Na baada ya uhuru serikali ya Tanzania ilianzisha vijiji vya kilimo ambako wagonjwa walioanza kupona walilima na kuzoea tena maisha ya kawaida kabla ya kurudi kwao.

Kenya ilipojitawala mwaka wa 1963, ilirithi nyumba moja kubwa, hofu nyingi, na madaktari wachache sana wa magonjwa ya akili. Hatua kwa hatua wodi ndogo za magonjwa ya akili zilifunguliwa katika hospitali za majimbo na za wilaya kadhaa, na Machakos ni mojawapo. Hilo lilikuwa jambo jema kwa watu wa Ukambani, maana safari ilifupishwa. Mwaka wa 1989 Bunge likapitisha Sheria ya Afya ya Akili, iliyoanza kutumika mwaka wa 1991. Sheria hiyo ilimruhusu mtu aliyefikia miaka 16 kuomba mwenyewe alazwe na kutibiwa, na aliye chini ya umri huo aombewe na mzazi au mlezi wake. Huenda ukaliona hilo dogo. Lakini ulinganishe na zamani, mgonjwa alipoletwa na askari; sasa sheria ilikiri kwamba kijana aweza kuujua ugonjwa wake na kutafuta tiba kwa miguu yake mwenyewe.

Sheria ni neno, na wodi ni fedha. Fedha hazikufuata. Mwaka wa 2011 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilichunguza hospitali za akili nchini, ikatoa taarifa yenye uchungu: vitanda vingi vya wagonjwa wa akili vilikuwa bado Nairobi, majengo yalikuwa yamechakaa, dawa zilipungua, na wako waliokwisha kupona wakabaki hospitalini kwa sababu jamaa zao hawakurudi kuwachukua. Mwezi wa Mei mwaka wa 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa siku moja. Magazeti mengine yaliandika kana kwamba hatari imefunguliwa mlango. Ni wachache waliouliza kama mtu mwenye mahali pazuri pa kulala na tumaini la kurudi kwao hutoroka.

Hata hivyo hatua zimepigwa. Katiba ya mwaka wa 2010 ilimpa kila mtu haki ya kupata afya bora kwa kiwango cha juu kinachowezekana, nayo haikutenga afya ya mwili na ya akili. Mwaka wa 2020 jopo lililoundwa na serikali, likiongozwa na Daktari Frank Njenga, lilishauri kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Mwaka wa 2022 sheria ya 1989 ikarekebishwa. Haki za mgonjwa zikaandikwa wazi, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo katika maeneo yao.

Na jambo moja la kutia moyo lilifanyika karibu na Kitui, katika kaunti ya Makueni. Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake waliwakusanya watu ambao kwa desturi hawakai meza moja: wauguzi na matabibu wa zahanati, waganga wa kienyeji, na viongozi wa dini. Hawakuwakusanya ili mmoja amcheke mwenzake. Waliwafundisha wauguzi na matabibu kutambua na kutibu maradhi ya akili ya kawaida kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, nao waganga na wachungaji wakafundishwa kutambua dalili na kumpeleka mgonjwa zahanati. Ilieleweka kwamba mzazi wa Ukambani mara nyingi huanzia kwa mganga au kwa mchungaji. Basi ni afadhali hao wawe mlango wa hospitali kuliko kuwa ukuta.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tuseme kijana wa miaka 17 anasoma katika shule ya bweni karibu na Mwingi. Ameanza kusikia sauti, halali, na amewaogopesha wenzake. Iko njia ya zamani: afungwe kamba, apakiwe garini usiku, apelekwe mbali, na jina lake lifutwe katika daftari la shule. Iko njia nyingine. Apelekwe hospitali iliyo karibu. Akihitaji kulazwa, alazwe katika wodi isiyowachanganya vijana na watu wazima. Mama yake au kaka yake aruhusiwe kukaa naye. Mwalimu amletee vitabu akili itakapotulia. Siku ya kutoka ipangwe tangu siku ya kuingia. Na muuguzi wa zahanati ya kijijini ajue ni lini dawa zake zitakwisha. Njia hii ya pili si ndoto. Sehemu zake zote umekwisha kuzisoma katika insha hii: ndugu wa kumsindikiza alipatikana Aro, kazi ya mikono Lutindi, wodi ya karibu Machakos, na zahanati yenye ujuzi Makueni. Na ushauri wa 2024 nilioutaja mwanzoni unaelekea huko huko, kwani uliyahimiza mataifa kuacha kuwafungia watoto na vijana katika makao makubwa ya mbali, na kuwatibu karibu na jamaa zao.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kulazwa ni kubaya. Yuko kijana ambaye bila kulazwa angekufa, na wauguzi wa Mathari wamewaokoa wengi katika hali ngumu. Ninalosema ni kwamba kitanda cha hospitali ni kama kivuko cha mto: ni chema kikikufikisha ng'ambo, lakini hakuna ajengaye nyumba juu ya kivuko. Makosa ya miaka mia iliyopita hayakuwa kuwalaza wagonjwa. Makosa yalikuwa kuwalaza na kuwasahau.

Labda utauliza, mimi mwanafunzi nina kazi gani katika mambo ya serikali na madaktari? Unayo kazi kubwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ukiona usingizi umekukimbia siku nyingi, au mawazo ya kujidhuru yamekujia, mwambie mtu mzima unayemwamini, nenda hospitali, wala usione haya. Hicho ni kitendo cha akili timamu. Mwenzako akibadilika ghafla, usimchekee wala usimrekodi kwa simu. Kaa karibu naye na uwaite wakubwa.

Na kuna siku moja ambayo hakuna daktari awezaye kuisimamia, ila wewe. Ni siku ile kijana aliyelazwa atakaporudi darasani. Serikali yaweza kumpa kitanda, na muuguzi dawa, lakini nafasi ya kukaa kwenye dawati ni ninyi mtakaompa. Mkimwita kwa jina lake kama zamani, mkamwazima daftari anakili masomo aliyoyakosa, mtakuwa mmeimaliza safari ambayo wazee wetu waliianza na wengi hawakuifikisha mwisho. Mkimwita kwa lile tusi la zamani, mtakuwa mmemrudisha alikotoka, ijapokuwa hajaondoka darasani.